Bango la Nana Birago

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Nimeamka mzima. Nashukuru. Mvua imeingia studio kupitia lile tundu la juu ya kiti cha wateja. Nashukuru pia, maana haikuigusa kompyuta. Studio yangu inaitwa Bado Nashukuru Picha, na mtu mwenye jina kama hilo mlangoni hawezi kukaa analalamika. Watu watamcheka.

Habari kubwa. Nana Birago kaniita! Huyu bibi ndiye mwenye nyumba ya njia panda hapa Asuoso, pamoja na lile duka la kona lililo tupu tangu muuza vitenge alipohamia Kumasi. Duka lina vioo mbele. Lina dari zima. Magari yote ya kwenda Ejura yanapunguza mwendo mlangoni pake kwa sababu ya tuta. Nimelitamani kiasi kwamba nikipita hapo naligusa ukuta.

Nana anatimiza miaka themanini. Ibada ya shukrani ni Jumapili ya tarehe ishirini. Anataka picha yake itundikwe pale kona, kubwa, uso uonekane na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda. Nikamuuliza mtu gani. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba ni Kwaku.

Asuoso nzima inajua habari ya Kwaku Dwumfour. Ni mdogo wake, tumbo moja. Anauza viazi vikuu. Kila Jumatano anapita hapa na lori lake, kioo kimefungwa, shingo imekaza. Miaka kumi na moja hajashuka kumsalimu dada yake. Kisa ni bango la mazishi ya mama yao: majina ya watoto wote yaliandikwa, la Kwaku halikuwepo. Nana ndiye aliyesimamia uchapaji. Kwaku akasema amefutwa kwenye ukoo mbele ya mji mzima, akapanda gari, akaondoka kabla jeneza halijatoka.

Nana anasema hana haja ya kuombwa radhi. Anataka Kwaku amwone kwamba bado yupo, anacheka, na mlango uko wazi. Akishuka, atakula naye siku ya sherehe. Asiposhuka, basi, atakuwa amejaribu.

Halafu akaongeza: picha yangu ikifanya kazi, duka la kona ni langu. Ila Konadu naye anatengeneza picha ndogo za fremu za kugawia wageni, na Konadu naye kaliomba duka. Nana ataamua baada ya ibada.

Konadu! Studio yake iko ng'ambo ya barabara. Ana kijiba cha roho, yule dada. Anapima mwanga kwa kifaa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimempiga Nana picha. Kazi safi. Alivaa kitambaa cha zambarau inayowaka, kilemba cha rangi hiyo hiyo, shanga za dhahabu. Nikamwambia acheke. Akasema hawezi kucheka kwa amri. Nikajikwaa kwenye waya wa taa nikaanguka chali. Akacheka mpaka machozi, nami nikabonyeza kamera nikiwa sakafuni. Picha ya maisha yangu! Goti limevimba. Nashukuru goti.

Konadu alikuja kuchungulia. Akaiangalia picha kwenye kamera, akabaki nayo nilipokuwa nakanda goti, halafu akasema, "Kaka Yaw, hii usiichezee. Itunze kama ilivyo, palepale kwenye kadi." Nimegundua wivu wake una sauti ya upole.

Jumamosi, 5 Oktoba

Harusi ya ghafla kijiji cha pili, na kadi ya kamera imejaa. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nikatumia akili. Nikamrushia shemeji yangu ile picha ya Nana kwa ujumbe wa simu, naye akanirudishia, ili nihakikishe inafika. Imefika. Nikaifuta kadi nzima, nikaenda harusini.

Picha iko salama simuni. Hata imekuwa nyepesi, inafunguka haraka kuliko mwanzo. Sijui kwa nini Konadu anabeba madude yale ya kuhifadhia.

Wali wa harusini ulikuwa na nyama tele. Nashukuru.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimeiweka picha kwenye kompyuta na kuikuza iwe upana wa mita tatu. Shavu la Nana limegeuka vigae. Pua ina ngazi.

Nikapangusa kioo. Si vumbi.

Konadu aliingia kuazima gundi, akaona. Akaniuliza ile ya kwenye kadi iko wapi. Nikasema ipo. (Haipo.) Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba picha ikipita kwenye ujumbe wa simu inaminywa, nukta zake nyingi zinatupwa, na ukiikuza kompyuta inabuni tu za kujazia. Akasema pia kioo cha kompyuta yangu kinawaka mno, mwanga umepandishwa mpaka mwisho, kwa hiyo naona picha nyeupe wakati yenyewe ni nyeusi. "Wino hauna taa ndani yake, kaka. Punguza mwanga ndipo utaona utakachochapiwa."

Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nikarudi, nikaacha mwanga pale pale. Mtu anayetaka duka lako hakupi ushauri wa bure.

Tatizo la vigae nimelimaliza mwenyewe. Nimemlainisha Nana uso. Makunyanzi yametoka, vigae vimetoka, na kile kicheko kimetoka kidogo pia, amebaki na utulivu. Nyuma yake palikuwa na ukuta wenye ufa, nikauondoa nikaweka mawingu meupe na miale ya mwanga ikishuka. Nilikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, nimeitumia kwa kazi nyingi za familia zilizofiwa na hakuna aliyewahi kuirudisha.

Amependeza mno! Kama mtu asiye na shida yoyote tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimesimama kona kumsubiri Kwaku, nipime herufi ziwe kubwa kiasi gani. Lori lilipofika kwenye tuta nikapunga mikono yote miwili. Nikaruka. Hakugeuka. Nilichoona ni shavu tu, na mkono umeshika usukani kama anamnyonga mtu.

Nana alikuwa amekaa kibarazani, anamenya ndizi. Aliacha kumenya lori lilipokuja. Lilipopita akaendelea.  Nilijisikia vibaya, nasema kweli. Nikasahau duka kwa muda.

Kisha nikalikumbuka. Herufi zitakuwa kubwa sana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepanga maandishi. Juu kabisa, kwa rangi ya dhahabu: THEMANINI NA BADO NASHUKURU. Ni maneno ya Nana, na kidogo ni jina la studio, tangazo bila gharama. Chini, jina lake kamili, Nana Akosua Birago, na ili kila mpita njia aone hesabu yenyewe: 1944 – 2024.

Nimesogeza maandishi ya juu mpaka ukingoni kabisa, yasiguse kilemba. Sipendi kupoteza nafasi.

Nimeituma kwa wachapaji wa Kumasi. Kijana wa pale mapokezi akapiga simu. Akauliza kama nataka wachape kipande kidogo kwanza nione rangi. Nikakataa, mimi si mwanafunzi. Akasema zambarau ya namna hiyo mashine yao haiwezi kuitoa, itazima na kuwa nzito, karibu nyeusi. Nikasema iache iwe nzito, Nana ni mtu mzito. Akaanza habari za kuacha nafasi ukingoni kwa ajili ya pindo. Nikamwambia haraka haraka achape kama ilivyo.

Mwishoni akashusha sauti, akanipa pole. Nikasema asante, kazi kweli ilikuwa ngumu. Kijana mwenye adabu sana. Akauliza shughuli ni lini. Nikamwambia Jumapili ya tarehe ishirini, baada ya ibada watu watakula. Akasema Mungu awatie nguvu.

Jumanne, 15 Oktoba

Bango limefika jioni kwa basi. Konadu hayupo, amekwenda Kumasi kufuata fremu zake. Bora. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikafunga kamba mwenyewe, giza linaingia.

Mambo mawili madogo. Kitambaa cha zambarau kimetoka cheusi. Si cheusi sana, ila ukisimama mbali ni cheusi. Kina heshima yake. La pili, wamelikunja pindo la juu kupitisha fito, na dhahabu yangu yote imeingia ndani ya pindo. Haionekani hata herufi moja. Nililaani wachapaji, halafu nikajituliza: uso upo, jina lipo, miaka ipo. Nani Asuoso hajui kwamba Nana ana themanini?

Nimelitazama kutoka ng'ambo. Kimya, mawingu, miale. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alisimama, akatua mzigo, akaweka mikono kichwani. Picha inagusa watu! Nimelala na furaha.

Jumatano, 16 Oktoba

 Nitajaribu kuanza mwanzo.

Asubuhi niliamshwa na vilio. Nikadhani kuna ajali kwenye tuta. Nikatoka. Akina mama wa sokoni walikuwa wanapanda kwa Nana, vitambaa vyeusi na vyekundu, mikono kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa mbele na chupa ya kinywaji kikali cha kumwaga chini. Wapiga ngoma wawili walikuwa wanaulizana nani atawalipa.

Nikamuuliza mama mmoja kulikoni. Akanikumbatia. "Yaw wangu, na wewe ndiye uliyempiga picha ya mwisho!"

Nikageuka. Nikalitazama bango kwa macho ya mtu mwingine. Kitambaa cheusi. Mawingu. Miale. 1944 – 2024. Nikakimbilia uani kwa Nana na goti langu bovu.

Nana alikuwa ndani anakula ndizi za kuchoma na karanga. Aliposikia vilio uani kwake akajua kuna jirani amefariki. Ni mtu wa watu, hakungoja kuambiwa. Akajifunga kitambaa, akatoka mlango wa nyuma, akajiunga na waombolezaji akilia kuliko wote. Alimshika bega mzee wa kanisa akamuuliza, "Ni nani huyo jamani, ni nani?" Mzee akageuka. Chupa ikaanguka. Sijawahi kuona ua likiishiwa na watu haraka namna ile. Kiatu kimoja cha mpiga ngoma bado kiko kwenye boma la kuku.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, napanga namna ya kuhama mkoa. Ndipo breki zikalia kwenye tuta.

Lori la viazi. Katikati ya barabara, mlango wazi, injini inanguruma. Kwaku Dwumfour akashuka. Alivua kofia. Akavua na viatu, akaviacha kwenye lami. Mzee wa miaka sabini na kitu, mnene, akaingia uani peku, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. "Dada Akosua. Dada, umeondoka na mimi nimekunja uso. Nani nitamkasirikia sasa?" Akapiga magoti mbele ya mlango uliofungwa.

Nana alikuwa nyuma yake, karanga mkononi.

Akamwangalia juu mpaka chini. Akasema, "Kwaku, mbona umekonda hivyo? Mkeo hakupikii?"

Sitaki kuandika jinsi Kwaku alivyogeuka. Alimshika dada yake uso kwa mikono miwili, kama mtu anayepima papai. Nililia. Nilikuwa na pipa langu tu, nikalia.

Halafu mambo yakageuka. Kwaku alisimama, akajifuta, sura ikarudi kuwa ile ya nyuma ya kioo. Akasema amefanyiwa mchezo. Akasema mwanamke aliyemfuta kwenye bango la mama yake sasa amejitia kwenye bango la uongo ili mji mzima umcheke. Nana akasema hajui lolote, hata bango lenyewe hajaliona. Kwaku akacheka kwa dharau. Akaanza kwenda. Akafika langoni. Nana alikuwa amesimama, karanga zinamdondoka moja moja.

Nikatoka nyuma ya pipa. Sijui nani alinituma. Nikasema kosa ni langu, kwamba maneno yapo, yameingia kwenye pindo. Kwaku akaniuliza mimi ni nani. Nikasema Bado Nashukuru. Akataka kunipiga.

Konadu ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ameteremka kwenye gari la kutoka Kumasi, ameona bango, hakuuliza mtu. Amelishusha na kuja nalo limekunjwa begani. Akalitandaza chini palepale langoni, miguuni kwa Kwaku, akatoa wembe, akafumua pindo la juu. Dhahabu ikatokea. THEMANINI NA BADO NASHUKURU. Akamwelezea kwa heshima: baba, mchapaji anakata au anakunja ukingoni, na kilichowekwa ukingoni kinapotea. Si kwamba mtu amekifuta.

 Nana akasogea. Akasema polepole, "Jina lako nililiweka chini kabisa, Kwaku. Peke yake, chini ya majina yote, kwa sababu wewe ndiye kitinda mimba wa Mama na alifia mikononi mwako. Nilitaka lionekane. Siku ile nilipolipokea bango nilitafuta jina lako mpaka macho yakaniuma. Wewe hukuniuliza. Ulipanda gari."

Kwaku alilitazama lile pindo. Akainama, akapitisha kidole pale wembe ulipopita. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka magari barabarani yakaanza kupiga honi kwa ajili ya lori lake.

Kisha akauliza kama ndizi zimebaki.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku kubwa. Nashukuru tangu alfajiri.

Kanisa lilijaa kupita kiasi, kwa sababu waliomlilia Jumatano walikuja wote kuhakikisha. Nana alivaa nyeupe. Kwaku alikaa karibu naye, amevaa nyeupe, amebana kiti chake kwenye kiti cha dada yake mpaka mzee wa kanisa akashindwa kupita na sahani ya sadaka. Lori zima la viazi vikuu limeliwa. Nana alipopewa nafasi ya kusema alisema watu wachache sana huwahi kujua nani atawalilia, na yeye amejua, na amejua pia nani alifika mapema kwa ajili ya chakula. Mpiga ngoma aliangalia chini.

Picha za fremu za Konadu zimegawiwa. Lazima niseme, ni nzuri. Zambarau ni zambarau. Nana anacheka. Nikamuuliza ameipata wapi ile picha ya kicheko. Akasema ni yangu: siku ile alipokuja kuchungulia alinakili kadi yangu, alijua nitaifuta. Amechapa jina langu nyuma, kwa herufi ndogo, mbali na ukingo.  Nilimpa paja langu la kuku.

Baada ya chakula Nana akaniita.  Akanishika mkono, akasema, "Yaw, umenirudishia ndugu yangu. Nitakuombea kila siku niliyobaki nayo. Lakini duka nampa Konadu. Duka la picha ni la mtu ambaye picha zake haziui watu."

Bango akasema analiweka sandukuni. Siku yake ikifika, lipo tayari, halina cha kurekebishwa ila mwaka.

Nilitoka nje nikasimama kidogo na ule ukuta wa kona. Iliniuma, sitadanganya. Konadu akaja akasimama pembeni. Akasema duka lina kibaraza kipana, na yeye hawezi kupiga na kuchapa peke yake. Meza yangu itaenea, na kibao changu pia. Chini ya dari zima! Nashukuru. Kwa kweli nashukuru.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya kwanza kibarazani. Magari yanapunguza mwendo mbele yangu. Nawapungia.

Nana na Kwaku wamekuja pamoja, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Wanataka picha yao wawili, kubwa, ya kutundika sebuleni kwa Kwaku, na majina chini. Kwaku mwenyewe akasisitiza majina. Konadu akaniachia kazi hiyo, kunionyesha ananiamini, akanipa maelekezo: kadi isiguswe, mwanga wa kioo upunguzwe, kipande cha majaribio kichapwe, ukingoni paachwe nafasi. Nikamwambia nimeelewa yote. Nimeelewa.

Ila kadi ilikuwa imejaa, kwa hiyo nimejirushia picha kwa simu, kupitia shemeji. Imefika salama, nyepesi kabisa. Kioo nimekiacha kinawaka kwa sababu kibarazani kuna jua. Kipande cha majaribio kinachelewesha kazi, nami nataka wafurahi haraka, walisubiri miaka mingi mno.

Jina la Nana nimeliweka katikati, kubwa. La Kwaku nimelipa heshima yake, kama dada yake alivyokuwa ametaka zamani: peke yake, chini ya yote, pale ukingoni kabisa. Nimeituma Kumasi. Lazima atalia akiiona.